Baba Haombi Maji

Tok. Tok.

Nilikuwa nyuma ya pazia la jukwaa, gizani, nikifunga kamba za aproni. Sikuona kitu. Nilisikia tu mbao ngumu ikigongwa mara mbili, taratibu, na mtu asiye na haraka kwa kuwa anajua atatumikiwa.

Kabla akili haijaamua neno, mkono wangu ulishashika jagi la maji na miguu ilishatoka nje ya pazia.

Nilitegemea kumwona baba. Nilimkuta Bosi, mwigizaji mwenzangu, amekaa peke yake kwenye kichwa cha meza, miguu kaiweka juu ya kiti cha pili, penseli mkononi.

“Ehee!” akacheka. “Mke wangu ana masikio! Sijaita, kaja.”

“Nani kakufundisha hiyo?”

“Ipi?”

“Hiyo ya kugonga.”

“Skripti ya leo. Hujaisoma? Au washairi husoma vya kwao tu?”

Niliweka jagi mezani kwa kishindo, maji yakanirukia viatu.

Uliyenifuata tangu mwanzo unajua nilivyofika hapa. Uliyeniokota leo njiani, nitakupa kwa mkupuo mmoja. Mimi ni kijana niliyejifunza kutunga mashairi peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole katika karakana ya baba, misumeno ikilia. Nilikwenda kituo cha runinga kuwapa shairi la kufungulia kipindi. Shairi wakalichukua. Kisha wakaniangalia, wakaangaliana, wakanivalisha aproni.

Kipindi kinaitwa Nyumba Imegeuka. Humo wanawake ndio wanaotoka asubuhi na mikoba na amri, na wanaume ndio wanaobaki na masufuria, umbea na machozi. Bosi ndiye mume, ingawa ni mwanamke. Mimi ndiye mke, ingawa nina ndevu. Na kila wiki, kabla sijachekwa, unaimbwa ubeti wangu mwenyewe:

Jogoo ameanguka, mayai kaatamishwa,
Nyumba imenigeuka, aproni nimevalishwa,
Mke kazini katoka, na mimi nimebakishwa,
Chozi likinidondoka, watu wote huchekeshwa.

Nilidhani natunga. Kumbe nilikuwa najipigia ramli.

Tangu hapo sokoni wananiita Mke Wetu. Nimeshamvunja mtu jino kwa jina hilo. Jino likaondoka, jina likabaki. Na wiki iliyopita nilieleza jinsi mchumba wangu alivyonirudishia pete kwa kuisukuma chini ya mlango, kisa shangazi zake hawaachi kumwuliza, “Kwani katika ninyi wawili, atakayezaa ni nani?”

Lakini yote hayo yalikuwa mvua za rasharasha. Gharika ilikuwa inakuja na baba.

Baba yangu ni seremala. Mtaani wanamwita Kauli, kwa sababu neno lake likishatoka halichomoki, kama msumari uliopigwa ukapindwa kwa nyuma. Siku aliyoniona kwa mara ya kwanza kwenye runinga na aproni, hakupiga kelele. Aliweka randa chini, akasema:

“Cheza utakavyo. Lakini siku nitakayoona jambo la nyumba yangu kwenye kioo hicho, aliyelitoa atalifuata huko huko nje.”

Alisema akinitazama mimi. Mimi sikuogopa. Mimi nalala karakanani juu ya mbao. Mtu aliye nje utamtoa wapi? Aliyeogopa ni mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi. Mama hana kwao pa kurudi. Wazazi wake wamekufa, ndugu zake wametawanyika. Nyumba ile ndiyo ngozi yake.

Na nyumbani kwetu, sikiliza, baba haombi maji. Hajawahi. Anachomoa penseli ya useremala nyuma ya sikio, anagonga meza mara mbili, mama anainuka. Awe anakula, anasali, ana homa, anainuka. Hata mlango baba hafungui. Tangu nizaliwe sijamwona na ufunguo wa nyumba. “Ufunguo ni wa nini kwa mtu mwenye mke?” husema. Anagonga mara mbili, mlango unafunguka.

Jambo hilo halijulikani na mtu wa nje. Wageni wakija, baba huita “mama watoto” kwa sauti ya asali.

Sasa Bosi anagonga vile vile, kwa penseli kama ile, juu ya meza ya baba mwenyewe.

Ndiyo, meza ya baba. Meza ya zamani ya kipindi ilikuwa inacheza kama jino la mtoto, ikaharibu picha. Kituo kikaagiza nyingine kwa fundi bora mjini, na fundi bora mjini, hata adui zake wanakubali, ni baba. Hakukataa. Kazi ni kazi. “Meza yangu haitakuwa na kosa,” aliniambia. “Kosa ni wewe utakayesimama kando yake.” Akaileta mwenyewe, akashinda mchana kutwa studioni akisawazisha miguu. Mimi siku hiyo nilitoroka nisikutane naye.

Nilimpokonya Bosi skripti, nikasoma nikiwa nimesimama.

Bosi anarudi nyumbani na wageni wa kazini. Anaonja chakula. Hakina chumvi. Hasemi. Anageuza sahani kifudifudi juu ya meza, anafuta vidole kwenye aproni ya mkewe, anasema neno moja: “Rudia.” Kisha mke anasimama mlangoni na jagi, wageni wakila, mpaka wote wamalize. Bosi akitaka maji, anagonga.

Hiyo haikuwa skripti. Ukiondoa wageni, hiyo ilikuwa jioni moja ya utoto wangu. Niliikumbuka mpaka harufu yake.

Nilimkuta mwongozaji kwenye korido, anagombana na fundi wa taa. Mwongozaji huyo tunamwita Komando. Ana kanuni moja katika kipindi chake: hakuna kubuni. Kila dharau tunayoigiza lazima iwe imempata mwanamke fulani aliye hai. Sisi tunageuza nguo tu.

“Nani kakupa hii?”

“Salamu kwanza, mshairi.”

“Nani?”

“Unajua sheria yangu. Anayenisimulia simtaji, hata mnifunge.”

“Hii ni nyumba yetu!”

Komando akanitazama kutoka aproni mpaka macho. “Nyumba yenu? Basi leo huhitaji mazoezi.”

“Itoe.”

“Sitoi.”

“Baba yangu anakuja leo kuangalia! Wewe mwenyewe umemwalika!”

“Nimemwalika fundi wa meza. Watu wakipiga makofi, na meza ipate yake.” Akageuka kumrudia mtu wa taa, kisha akasema akiwa amenipa mgongo, “Na hiyo ya leo, yeye ana haki ya kuiona kuliko mtu yeyote.”

Nilitaka kumrukia. Alijua anachofanya, yule mwanamke, na alifurahi. Mtu anayewasha kiberiti kwenye nyumba ya nyasi ya wenzake aone mwanga unavyopendeza.

Kwa hiyo ni mama. Sikuona njia nyingine. Mwezi uliopita alikuja hapa kuniletea chakula, nikamkuta amekaa na Komando, wananong’ona kama mashoga waliopoteana. Watu waliokuwa wanaijua siri ile ni watatu: mmoja asingesema kwa kiburi, mmoja ni mimi. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Na ikiwa ni mama, basi baba akisikia meza ikigongwa leo, mama hana pa kulala.

Nilirudi kwa Bosi. Bado alikuwa na miguu juu ya kiti.

“Usigonge,” nikamwambia.

“Nini?”

“Fanya mengine yote. Geuza sahani, nifutie vidole, nitemee mate ukitaka. Ila usigonge.”

“Mshairi, kugonga ndiyo utamu wenyewe.”

“Nakuomba.”

“Wewe unaomba?” Akakaa sawa. “Wewe uliyesema juzi kwamba mimi sauti yangu ni ya debe na maigizo haya ni takataka ya watu wasiojua vina? Wiki ile tulipocheza kisa cha mama yangu mimi, cha kurushiwa sufuria, ulisikia nikiomba? Nilirusha sufuria, watu wakacheka, nikaenda nyumbani nikalala. Mama yako ni wa dhahabu?”

“Nakuomba,” nikarudia neno lile lile. Mimi, ambaye vina hunijia usingizini.

“Omba vizuri basi,” akasema.

Nikapiga magoti. Na aproni yangu, na ndevu zangu, mbele ya meza ya baba. Wapaka poda wakasogea kuona. Mtu mmoja akapiga mluzi. Bosi akaniacha pale mpaka akaridhika.

“Haya inuka, mke wangu. Sitagonga. Ila umekonda kwa kiburi, ujue.”

Watazamaji walianza kuingia mchana. Studio yetu zamani ilikuwa ghala la mifuko, paa la bati, na taa zikiwashwa ndani kunakuwa tanuri. Watazamaji hukaa kwenye viti vya plastiki, na mbele yao kuna ubao mrefu unaowatenga na jukwaa. Baba aliingia na shati la kola, penseli nyuma ya sikio kama kawaida. Nadhani hulala nayo. Mama nyuma yake, hatua mbili.

Baba hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake, akainama kuangalia miguu. Nikamvuta mama pembeni.

“Mama, ni wewe?”

“Ni mimi nini, mwanangu?”

“Umemwambia nini Komando?”

“Nilimwuliza kama wanakupa chakula. Umekonda.”

“Usinichezee, mama! Ile ya sahani. Ile ya kugonga. Imo yote kwenye mchezo wa leo. Umeitoa wewe!”

Uso wake ukafifia. Hakuuliza maana yake. “Sijamwambia mtu,” akasema. “Sijamwambia hata Mungu, kwa aibu. Nimwambie mwanamke wa runinga?”

“Basi meza imesema yenyewe?”

Neno hilo lilimchoma, nililiona likiingia. Sikulirudisha. Mimi ni mtoto wa Kauli.

“Nenda nyumbani,” nikasema. “Mwambie kichwa kinauma. Ukibaki hapa utakuja kulala barabarani.”

“Na nikienda, nani atakaa karibu naye? Akitaka kitu je?”

Wallahi alisema hivyo. Kamba shingoni, yeye anamwulizia aliyeishika kamba kama mkono haujamchoka.

“Mama watoto!” baba akaita kwa asali. “Njoo tukae.”

Walikaa safu ya mbele. Taa zikawaka. Komando akajifungia chumba cha mitambo, sauti yake ikatoka kwenye spika: “Kimya. Tunaanza.” Nikabanwa kinasa sauti kifuani, chini ya aproni, kidude kidogo kama mbegu ya papai lakini kinasikia mpaka moyo.

Ubeti wangu ukaimbwa. Watu wakacheka kabla hata sijatokea.

Bosi akaingia na wageni wake, akatupa mkoba, nikaudaka. Kicheko. Akanyoosha mguu, nikamvua kiatu. Kicheko. Akaonja chakula.

Akasukuma kijiko pembeni.

Akaigeuza sahani kifudifudi. Mchuzi ukatambaa juu ya mbao aliyoipiga msasa baba yangu kwa mkono wake. Bosi akavuta aproni yangu, akafuta kidole kimoja kimoja.

“Rudia.”

Watu wakavunjika mbavu. Mimi macho yangu yalikuwa safu ya mbele. Sasa ataona, nikasema moyoni. Sasa atajua.

Baba alikuwa ameshika ubao ule wa mbele kwa mikono miwili, mishipa imemtoka.

“Mwanamke gani huyu!” akasema kwa sauti.

Sikuamini masikio yangu.

“Hana adabu,” akamwambia mzee aliyekaa pembeni yake. “Mtu amepika na joto hili, wewe unamwaga? Hana mama huyu?”

“Hana utu,” mzee akakubali.

“Mungu anaona! Tena mbele ya wageni!”

Ndugu msomaji, baba yangu hakujiona. Kioo kilikuwa mbele yake, safi, na ndani yake aliona mtu mwingine. Kwa kuwa aliyemwaga alivaa gauni na aliyemwagiwa alikuwa na ndevu, kwake hiyo ilikuwa habari ya ajabu isiyopata kutokea duniani. Mkuki kwa nguruwe.

Mama aliketi kando yake, mikono mapajani, anatazama sakafu.

Nikasimama mlangoni na jagi, kama skripti ilivyotaka. Bosi alitimiza ahadi. Alipotaka maji hakugonga, aliinua glasi tu, akakohoa. Nikammiminia. Nikarudi mlangoni. Pumzi ikaanza kunirudi. Bado kidogo tu, nikawaza, kipindi kitaisha, baba atakwenda nyumbani akimlaani Bosi, na mama atalala kitandani kwake.

Lakini bati lilikuwa linachemka. Na hasira hukausha koo.

Nilimwona baba akilegeza kola. Nilimwona akimeza mate. Macho yake hayakutoka jukwaani, yamejaa chuki kwa yule mwanamke katili. Na mkono wake, peke yake, bila kumwuliza mwenyewe, ukapanda nyuma ya sikio.

Tok. Tok.

Juu ya ubao. Studio nzima ilisikia, kwa sababu ilikuwa kimya.

Mama akainuka.

Akatazama kulia, hakuna jiko. Akatazama kushoto, hakuna mtungi. Kisha akaona jagi mkononi mwangu. Akapita pembeni ya ubao, akapanda ngazi ya jukwaa, akaja mpaka niliposimama.

“Lete,” akasema, kama anachukua kitu rafuni, akanitoa jagi mkononi, akachukua na glasi mezani mbele ya Bosi, akageuka ashuke.

Kicheko kilianzia nyuma, kwa mwanamke mmoja. Kikaruka safu kwa safu. Walidhani ni mchezo. Walidhani Komando amempandikiza mama yule katikati yao, na wakasema kati ya machozi hakuna mwigizaji kama yeye, angalia anavyotembea, angalia uso wake! Kisha kicheko kikaanza kuchanganyika na kitu kingine. Wanawake ndio walioacha kwanza.

Mama alisimama ukingoni mwa jukwaa, jagi mkono huu, glasi mkono huu, kama mtu aliyeamshwa akiwa amesimama.

Baba akageuka kutafuta watu wanacheka nini. Akatazama jukwaa. Akatazama sahani iliyolala kifudifudi. Akamtazama mama na jagi. Mwisho akatazama penseli mkononi mwake.

Niliona jambo likimwingia kama maji yanavyoingia kwenye mbao kavu, taratibu, halafu yote ikapinda.

“Nyamazeni!” akanguruma.

Wakanyamaza.

“Nani kaja hapa kuanika nyumba yangu?”

Kidole chake kikapanda mpaka kwa mama.

“Ni wewe. Kumbe chakula cha mtoto kilikuwa kisingizio. Unakuja kunivua nguo kwa watu hawa!”

“Sikusema kitu, baba watoto.”

“Kauli yangu unaijua.”

“Naijua.”

“Basi usinifuate nyumbani.”

“Baba!” nikapiga kelele.

“Nyamaza wewe, mke wa watu!”

Mtu mmoja akaguna. Kamera zilikuwa bado zinazunguka, taa zao nyekundu zinawaka. Hakuna aliyezizima, na Komando asingezizima hata dari ianguke. Lakini mlango wa chumba cha mitambo ukafunguka, akatoka mwenyewe, visikizi shingoni.

“Mzee fundi,” akasema, “mimi sijawahi kumtaja aliyenisimulia kisa. Na leo simtaji. Namwomba tu ajitaje.”

Baba akakunja uso. “Ajitaje nani?”

Komando akakunja mikono kifuani. Sheria yake ilimfunga yeye. Haikumfunga mpiga picha wa kamera ya pili, mzee mwenzake baba, ambaye alitoa jicho kwenye kamera na kukuna kichwa.

“Mzee wangu, mbona ni wewe?” akasema kwa upole kabisa. “Siku ile ya kusawazisha miguu ya meza. Tulikunywa chai hapa hapa. Ulisema, ‘Mimi kwangu siombi maji. Nagonga, yanakuja.’ Ukatuonyesha na penseli. Ukasema chakula kikikosa chumvi hupotezi maneno, unageuza sahani, unafuta vidole kwenye nguo yake, unasema ‘Rudia’, naye anasimama mlangoni na jagi mpaka umalize. Ukasema vijana wa siku hizi wanaomba, wanasema tafadhali, ndiyo maana wamevaa aproni. Tulicheka wote. Ulicheka kuliko sisi.”

Mdomo uliponza kichwa.

Mimi nilimtazama mama. Yeye hakunitazama. Nilichomwambia pale pembeni kilikuwa bado kimesimama kati yetu, na sikuwa na jagi la kujificha nyuma yake.

“Nilikuwa nafanya mzaha,” baba akasema.

“Mzaha?” mama akauliza.

Alikuwa amerudi nyuma hatua, karibu nami, bega lake linagusa kifua changu. Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote. Lakini ilipita kwenye kinasa sauti changu, ikatoka kwenye spika zote za studio, kubwa kama ya Komando. Alishtuka kuisikia. Kisha hakushtuka tena.

Baba akatazama huku na huku, nyuso zote zile. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akishika msumari alioupigilia mwenyewe, anauvuta.

“Haya, yamekwisha. Twende nyumbani. Tutaongea huko.”

“Umesema nisikufuate.”

“Nasema twende!”

Mama hakusogea. Baba akainua penseli, akaupiga ubao. Tok. Akapiga tena, kwa nguvu, penseli ikakatika, kipande kikaruka chini ya viti.

Mwili wa mama ulitikisika. Niliuhisi begani kwake, ule mtikisiko wa mtu anayetaka kuinuka wakati ameshasimama. Akaumeza. Akamimina maji kwenye glasi, polepole, bila kudondosha. Bosi, sijui kwa nini, akamwachia kiti chake. Mama hakukaa. Alikunywa akiwa amesimama, yote, mpaka chini, na watu wote wale wakamtazama koo linavyopanda na kushuka.

Akaweka jagi na glasi mezani. Akafungua pochi yake, akatoa ufunguo mmoja wenye kamba nyekundu, ule ninaoujua tangu nikiwa mtoto.

Baba alipouona, mkono ukamwenda mfukoni, wakati alijua fika mfuko hauna kitu. Akageuka akaanza kwenda mlangoni, hatua ndefu, viti vinampisha.

“Baba watoto,” mama akaita, na spika zikaita naye.

Akasimama. Hakugeuka.

“Kauli ni yako. Mimi sijaiongeza hata chumvi. Aliyelitoa jambo la nyumba atalifuata nje.” Akaufumbata ufunguo. “Hii nakuahidi mimi, mbele ya mwanao na watu hawa: leo utagonga mlango, na utagonga zaidi ya mara mbili.”